Tundu Dogo Kwenye Kioo cha Oddvar

Oddvar alikuwa na desturi ya kuimba alipokuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari. Ulikuwa wimbo wa nyumba ya maombi, wimbo wa beti saba. Torunn, mkewe, aliusikia kila asubuhi akiwa jikoni. Oddvar aliimba ubeti mmoja tu. Kisha mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo.

Ubeti mmoja ulitosha kukwangua tundu la ukubwa wa kisosi. Wanaume wa kijiji chao cha Granmo walifanya hivyo tangu zamani. Baridi ya bonde lao hung'ata masikio, na hakuna anayependa kusimama nje. Walikwangua tundu mbele ya macho ya dereva, wakawasha gari, wakaondoka.

"Joto la gari litamalizia njiani," walisema.

"Babu, mimi sioni kitu!" Tiril alilalamika kutoka kiti cha nyuma.

"Wewe si dereva, malkia wangu," Oddvar alijibu. "Dereva ni mimi. Kazi ya abiria ni kuimba. Haya, imba."

Tiril alikuwa mjukuu wao, mtoto wa miaka mitano. Mama yake, Sunniva, alifanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa na aliingia kazini mapema sana. Kwa hiyo alimwacha mtoto kwa bibi na babu, na babu ndiye aliyempeleka chekechea.

Kazi hiyo ilikuwa imemfufua Oddvar. Alipostaafu kwenye kiwanda cha mbao, alikaa dirishani kutwa nzima bila kusema neno. Hakunyoa ndevu. Chakula alikigusa tu. Torunn alimwomba Mungu usiku na mchana. Kisha Sunniva akasema, "Baba, nisaidie na Tiril asubuhi." Kesho yake Oddvar alinyoa.

"Mtu hampeleki malkia chekechea na ndevu za wiki nzima," alisema.

Torunn alilishukuru jina la Bwana kwa ajili ya asubuhi hizo.

Siku moja ya Alhamisi, kina mama walikuwa na ibada. Ilikuwa zamu ya Torunn kuwasha jiko la nyumba ya maombi na kuandaa vafli, zile keki bapa zinazookwa kwa chuma cha moto. Alikoroga rojo lake kwenye ndoo yenye kifuniko. Alivaa koti, akaning'iniza riflekta mfukoni ili wenye magari wamwone gizani. Kisha akachukua sparki yake.

Sparki ni kiti cha mbao kilichowekwa juu ya vyuma viwili virefu. Mtu husimama nyuma yake, akasukuma kwa mguu mmoja, nacho huteleza juu ya theluji. Wazee wa Granmo huenda nayo dukani, kanisani na kwa majirani. Torunn aliweka ndoo kitini, akamuaga mumewe aliyekuwa bado anakunywa kahawa, akaondoka.

Giza lilikuwa linaanza kukonda. Theluji ilionekana ya buluu. Torunn alisukuma polepole kando ya barabara, huku akiomba moyoni kama alivyozoea. Alimwombea Sunniva, akamwombea Tiril, akaanza kumwombea Oddvar.

Alipokaribia daraja, aliona taa za gari zikija kutoka nyuma. Aligeuka. Lilikuwa gari lao. Halikwenda kasi. Lakini lilikuwa linamjia yeye moja kwa moja.

Torunn aliinua mkono. Gari halikupunguza mwendo. Aliona kioo cha mbele, cheupe kama shuka. Kwenye weupe ule palikuwa na tundu moja dogo, na ndani ya tundu kofia ya Oddvar na jicho lake. Jicho lilitazama mbele. Halikumwona.

"Yesu!" Torunn alilia, akajirusha kwenye theluji ya kando.

Kilisikika kishindo. Kioo cha pembeni cha gari kiligonga sparki, ikapinduka. Ndoo iliruka, kifuniko kikatoka. Gari liliendelea na safari. Kutoka ndani, Torunn alisikia sauti mbili zikiimba, ya mzee na ya mtoto.

Alibaki amelala pale, theluji ikimwingia shingoni. Alijipapasa. Miguu ilikuwa mizima, na mikono pia. Nyonga moja iliuma kidogo. Rojo la vafli lilikuwa limemwagika barabarani na tayari lilianza kuganda.

"Asante, Bwana," alisema. Kisha akaanza kulia.

Ibadani siku hiyo kina mama walikunywa kahawa bila vafli. Torunn aliwaambia ameteleza. Haukuwa uongo kamili, lakini haukuwa ukweli pia. Alipoinamisha kichwa kuomba, maneno hayakuja. Aliwaza jambo moja tu. Kama Sunniva akijua, hatamwacha tena mtoto aingie gari lile. Oddvar atarudi dirishani. Nikisema, nitamzima mume wangu. Nisiposema, kesho atapita tena na tundu lile, na Tiril yuko nyuma.

Jioni walikula samaki na viazi. Sunniva alikuwa ameshamrudisha Tiril nyumbani kwao. Redio ilitangaza kwamba kijana mmoja wa mjini alinyang'anywa leseni kwa kuendesha gari kizembe.

"Safi kabisa!" Oddvar alisema na kugonga meza kwa uma. "Hawa vijana na magari yao yanayonguruma! Wataua mtu."

"Uzembe ni nini, mzee?" Torunn aliuliza.

"Swali gani hilo, mama? Uzembe ni mwendo kasi. Mtu anakimbia kama anafukuzwa na shetani."

"Na anayekwenda polepole?"

"Huyo ni mtu mzima mwenye akili. Kama mimi." Alicheka, akachukua kiazi kingine. "Lakini leo bonge la barafu limegonga kioo cha pembeni pale karibu na daraja. Lazima lilianguka kutoka kwenye lori."

Torunn aliweka uma chini.

"Halikuwa barafu, Oddvar. Ilikuwa sparki yangu."

Oddvar aliacha kutafuna.

"Sparki yako ilikuwa inafanya nini barabarani peke yake?"

"Haikuwa peke yake."

Alimweleza yote. Alimweleza habari ya mkono alioinua, habari ya jicho ndani ya tundu, na wimbo aliousikia akiwa amelala kwenye theluji. Hakupandisha sauti. Oddvar alimtazama, kisha akatazama sahani. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu.

"Umeumia?"

"Nyonga kidogo."

"Na umekaa na jambo hilo kutwa nzima?"

"Niliogopa. Nilijua asubuhi zako na Tiril zina maana gani kwako."

Oddvar alisimama. Alizunguka meza, akapiga magoti kwa shida kando ya kiti cha Torunn. Magoti yake yalilia kama mlango wa zizi. Aliweka kichwa kwenye mapaja ya mkewe. Torunn alizishika nywele zake nyeupe.

"Ilikuwa bahati mbaya, Torunn," alisema mwishowe. "Nilikwenda pole. Mungu anajua nilikwenda pole."

"Mungu anajua," Torunn alisema. "Lakini sheria inasemaje? Mimi sijui. Wewe nawe hujui. Tumuulize Reidun."

Reidun alikuwa jirani yao, mwalimu wa udereva mjini. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko kilichosikika hadi ng'ambo ya mto. Alikuja kesho yake jioni na chapati za viazi alizooka mwenyewe. Asubuhi ya siku hiyo Oddvar hakuendesha. Torunn alimpeleka Tiril kwa sparki, akamwambia Sunniva gari lina hitilafu. Huo sasa ulikuwa uongo kamili.

Walipomaliza kumsimulia, Reidun hakucheka. Alichukua chapati moja, pana na nyembamba. Aliikunja, akaing'ata katikati, akaikunjua ikiwa na tundu.

"Oddvar, tundu lako lilikuwa kubwa hivi?"

"Karibu hivyo."

"Liweke mbele ya uso. Usogeze mkono mbali, kama kioo kilivyo mbali. Haya. Torunn, shoga yangu, tembea humu jikoni kama kawaida. Wewe dereva, sema 'naona' ukimwona."

Oddvar aliinua chapati. Torunn alianza kutembea. Alikwenda kwenye jiko, akaenda kwenye kabati, akarudi kwenye sinki.

"Naona," Oddvar alisema. Torunn akapiga hatua moja. "Sasa simwoni. Yuko wapi? Simwoni." Aliisogeza chapati kulia, kisha kushoto. "Naona... hapana. Amepotea."

Torunn alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Aliinua mkono, kama alivyouinua darajani.

"Shusha chapati, mzee," Reidun alisema kwa upole.

Oddvar aliishusha. Alimwona mkewe na mkono wake juu. Macho yake yalijaa machozi.

"Sasa tunaweza kuongea habari ya sheria," Reidun alisema, akamimina kahawa. "Watu wengi wanafikiri uzembe ni mwendo kasi. Mwendo ni sehemu tu. Sheria yetu ya barabara ina kifungu cha tatu, na wanafunzi wangu wanakijua hata wakiwa usingizini. Kinasema kila anayetumia barabara awajali wengine, awe macho, awe na tahadhari, ili hatari isitokee. Umesikia hapo? Hakimsubiri mtu aumie kwanza. Hatari yenyewe inatosha."

"Hata kama hakuna aliyegongwa?"

"Hata kama hakuna. Polisi angekusimamisha kabla ya daraja, hujagusa kitu, bado ungekuwa na kosa. Kwa kioo kama kile anaweza kukuchukulia leseni palepale barabarani."

"Lakini hii si ilikuwa bahati mbaya, Reidun? Sikukusudia."

"Ngoja nikuulize kama ambavyo hakimu angekuuliza. Ulijua kioo kina barafu?"

"Nilijua."

"Ulijua kuna watu wanapita pale asubuhi?"

"Kila mtu anajua. Watoto, wazee wenye sparki."

"Na ungeweza kukikwangua chote?"

Oddvar alitazama mikono yake, mikono mikubwa iliyobeba mbao miaka yote.

"Ningeweza," alisema.

"Basi. Tairi likipasuka ghafla, hiyo ni bahati mbaya. Lakini ukiijua hatari, ukawa na njia ya kuiondoa, na bado ukaondoa gari, huo ni uzembe. Hata ukienda mwendo wa ng'ombe. Sheria haiulizi kama ulitaka kumuumiza mtu. Inauliza dereva mwangalifu angefanya nini pale ulipokuwa wewe."

"Kila mwanaume hapa Granmo anafanya hivyo."

"Basi Granmo nzima ina madereva wazembe!" Sasa Reidun alicheka, na vikombe vikatikisika. "Marehemu baba yangu alikuwa kiongozi wao. Alikwangua tundu la ukubwa wa kitufe cha koti."

Hata Oddvar alitabasamu kidogo.

"Na mambo mengine ni yapi?" Torunn aliuliza. Alitaka kujua yote, maana alikuwa amechelewa kujua hili moja.

"Kushika simu huku unaendesha. Kulipita gari la mbele kwenye kona usiyoiona mwisho wake. Kuendesha na usingizi machoni, ukijua umechoka. Kuacha theluji juu ya paa, halafu ikamwangukia aliye nyuma. Na mwendo wenyewe, jamani! Kibao kinasema themanini, lakini barabara ikiwa barafu tupu, themanini ni uzembe. Kibao hakikulazimishi." Alikunywa kahawa. "Na makosa hayalingani. Mengine ni faini. Mengine ni leseni kuondoka. Mengine ni gereza. Wanapima hatari ilikuwa kubwa kiasi gani, na kama dereva alijali au hakujali. Kifungu kile kinasema pia tuwajali wanaoishi kando ya barabara."

"Kumbe waliotunga sheria wanasoma Biblia," Torunn alisema. "Si ni mpende jirani yako tu?"

"Ndiyo, tena ukiwa na usukani mkononi," Reidun alijibu.

Reidun alipoondoka, Oddvar alibaki mezani. Torunn alimwacha. Alijua anaomba, kwa sababu midomo yake ilicheza. Kisha Oddvar alisema, "Nipe simu."

"Unampigia nani?"

"Sunniva. Gari halina hitilafu. Hitilafu nilikuwa nayo mimi. Asikie kwangu."

Torunn alisimama nyuma yake, mkono begani, wakati anaongea. Oddvar hakujitetea. Hakusema alikwenda pole. Alisema tu, "Nilijua sioni, nikaenda." Kwenye simu Torunn alisikia binti yake akilia.

"Baba, ungemuua mama. Tiril angeona."

"Najua, mwanangu."

"Nitampeleka mwenyewe. Nitabadilishana zamu na mwenzangu. Usinikasirikie, Baba. Siwezi sasa hivi."

"Sikukasirikii. Ningekuwa wewe, ningefanya hivyohivyo."

Alikata simu. Torunn aliogopa kutazama upande wa dirisha, pale kilipokuwa kile kiti cha zamani cha mumewe.

Asubuhi iliyofuata aliamka akakuta kitanda kitupu upande wa pili. Alikwenda sebuleni. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Ndipo aliposikia wimbo.

Oddvar alikuwa nje. Alikuwa amenyoa. Alikwangua kioo cha mbele chote, kutoka kona hadi kona. Ubeti wa kwanza uliisha, akaanza wa pili. Akahamia vioo vya pembeni. Akakwangua cha nyuma. Akachukua ufagio, akasukuma theluji kutoka kwenye paa, akafuta taa za mbele na za nyuma kwa kitambaa. Hakuwa na mtoto wa kumpeleka popote.

"Unakwenda wapi, mzee?" Torunn aliita kutoka mlangoni.

"Nakupeleka dukani, bibie, kama utakubali kupanda gari langu."

Torunn alisimama kidogo. Aliutazama uso wa mumewe kupitia kioo kisicho na barafu. Aliuona wote, pua, mashavu na macho mawili.

"Ngoja nivae koti," alisema.

Wakaendelea hivyo. Jioni Oddvar alifunika kioo cha mbele kwa blanketi kuukuu, na asubuhi kazi ikawa nyepesi. Aliunganisha mapema waya wa umeme unaopasha injini, ili hewa ya moto ije haraka. Alimwomba Reidun akae naye garini akiendesha, mzee wa umri ule, kama mwanafunzi. Wanaume dukani walimtania.

"Oddvar, siku hizi unaliogesha gari kama mtoto mchanga!"

"Naliogesha," alijibu. "Karibu nimuue mke wangu kwa tundu kama lako."

Torunn, aliyekuwa akichagua viazi, aliona mmoja wao akitoka nje na kikwanguo mkononi.

Theluji ilikuwa bado nzito siku Sunniva alipopita asubuhi kuchukua kofia aliyoisahau Tiril. Hakuingia ndani. Alisimama getini na mtoto, akimtazama baba yake. Oddvar hakujua anatazamwa. Alikuwa kwenye ubeti wa tano, anafuta taa ya nyuma.

"Mama," Tiril alinong'ona, "babu hajamaliza tu?"

"Bado," Sunniva alisema. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Anafanya hivi kila siku?" alimuuliza Torunn aliyetoka na kofia.

"Kila siku. Hata kama hatuendi popote."

Sunniva alimvisha Tiril kofia, taratibu. Kisha akamsukuma kidogo begani.

"Nenda kamwambie babu, kuanzia Jumatatu wewe ni abiria wake tena, na kazi yako ni kuimba."

Alhamisi iliyofuata Jumatatu hiyo ilikuwa zamu ya Torunn tena. Alikoroga rojo la vafli, akafunga kifuniko vizuri. Nje baridi iling'ata, na Oddvar aliimba. Uji wake ulikuwa unapoa mezani. Torunn aliufunika kwa sahani, akasikiliza ubeti wa sita, akasikiliza wa saba. Kisha akachukua sparki, akatangulia.

Karibu na daraja aliona taa zikija kutoka nyuma. Moyo wake ulidunda, kwa maana mwili haukusahau haraka. Aligeuka na kuinua mkono.

Gari lilikuwa limeshapunguza mwendo, bado likiwa mbali. Lilisimama taratibu. Kioo cha upande kilishuka.

"Umeniona?" Torunn aliuliza.

"Nimekuona tangu kwa Reidun," Oddvar alisema.

"Mimi ndiye niliyemwona kwanza!" Tiril alipaza sauti kutoka kiti cha nyuma. Alikuwa amebandika pua kwenye kioo safi, akipunga mikono yote miwili. "Bibi! Nakuona! Naona na mto! Naona kila kitu!"

Torunn alicheka, mvuke ukamtoka mdomoni. Alishika vizuri sparki yake, akasukuma kwa mguu mmoja kuingia darajani. Gari lilisubiri hadi alipovuka.